Anwani za Kudumu kwa Vifaa vya Ofisi ya Kata

Mwananchi anayefika ofisi ya kata kuchukua barua ya utambulisho huweza kuambiwa kuwa printa haionekani, ilhali ipo mezani na inawaka. Mara nyingi printa yenyewe ni nzima. Kilichobadilika ni anwani yake.

Kila kifaa katika mtandao wa ofisi hutambuliwa kwa anwani ya tarakimu, mfano 192.168.1.105. Ruta huzigawa anwani hizo kwa muda maalumu tu. Umeme ukikatika na kurudi, printa yaweza kupewa anwani nyingine, nazo kompyuta zikaendelea kupeleka barua kwenye anwani ya zamani.

Dawa yake haihitaji kifaa kipya. Ruta hupangwa igawe anwani zinazoishia na 100 hadi 200 pekee. Printa huwekewa anwani ya kudumu nje ya hizo, mfano 192.168.1.10, na kompyuta zote huelekezwa huko. Anwani hiyo isipewe kifaa kingine, kwani vifaa viwili vyenye anwani moja huvurugana.

Hatimaye, orodha ya anwani iandikwe daftarini na kuhifadhiwa ofisini, ili mtumishi akihamishwa, atakayempokea asianze upya, wala mwananchi asirudi nyumbani mikono mitupu.