Sikukuu za Watoto na Mzigo wa Wazazi Mkoani Singida

Kwa watoto wa Singida, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, sikukuu kubwa ni Krismasi na Idi. Dini ni mbili, lakini haki za mtoto siku hiyo ni zilezile: nguo mpya, chakula kizuri, matembezi, na vijisenti vya kununulia pipi. Mwenye kuzitimiza haki hizo ni mzazi.

Nguo ndiyo hutangulia. Hushonwa kwa fundi au hununuliwa dukani na mnadani, na mara nyingi watoto wa nyumba moja hukatiwa kitambaa cha jora moja ili asionekane aliyependelewa. Mtoto aliyekosa nguo mpya huona haya kwenda kuimba kanisani au kutoka na wenzake baada ya swala. Kisha huja chakula. Ugali wa mtama, uwele au mahindi huwekwa kando siku hiyo, ukapikwa wali au pilau, akachinjwa kuku na kununuliwa soda. Baada ya kula, watoto hupita kwa ndugu na majirani. Wakati wa Idi hudai mkono wa Idi. Kwa kuwa Waislamu na Wakristo huishi pamoja, na pengine ni wa ukoo mmoja, mzazi hupika akikumbuka pia sahani za kupeleka kwa jirani.

Uzito wa mambo haya hutokana zaidi na majira. Singida ni mkoa mkame wenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Alizeti na nafaka huvunwa kuanzia Mei. Krismasi basi huwakuta wakulima shambani: ghala limepungua, mbegu zinatakiwa, na asiye na ng'ombe wa kulimia hulipa wa kukodi. Wiki chache baadaye shule hufunguliwa. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi.

Idi haina msimu maalumu, kwa sababu kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2016 Idi el-Fitri iliangukia Julai, mavuno yakiwa nyumbani. Mwaka 2025 ilifika mwishoni mwa Machi, mazao yakiwa bado shambani. Sikukuu ileile inaweza kuwa nyepesi kwa mzazi mwaka mmoja na nzito miaka michache baadaye.

Zamani haikuwa hivyo. Sherehe za asili za Wanyaturu na Wanyiramba, wenyeji wa Singida, kama jando na harusi, zilifanyika zaidi kiangazi, baada ya mavuno. Nafaka ya chakula na ya pombe ilitoka ghalani, nyama ilitoka zizini, na ndugu walisaidiana kazi. Sikukuu za sasa hudai fedha taslimu, na fedha hiyo hutafutwa na baba na mama peke yao.

Wengi huanzia bandani. Kuku wa kienyeji wa Singida wana soko hadi Dar es Salaam, na mara nyingi ndio akiba ya mama. Wachache huuzwa ili watoto wapate nguo, mmoja akabakizwa kwa kitoweo. Wengine huweka fedha kwenye kibubu au hungoja mgawo wa kikundi cha kuweka na kukopa mwishoni mwa mwaka. Wapo wanaonunua viatu vyeusi, vivaliwe Krismasi kisha viende shule Januari. Anayekopa ili asipitwe na majirani ndiye huumia zaidi, maana kukopa harusi, kulipa matanga: deni humkuta Februari, palizi haijakwisha na chakula kinapungua.

Kwa mkulima wa Singida, Krismasi nafuu huandaliwa Juni na Julai. Anayetenga sehemu ya fedha ya alizeti wakati huo, au anayenunua vitambaa mapema na kuvihifadhi, huifikia Desemba bila kugusa fedha ya mbegu wala ya madaftari.