Mtoto Ana Usonji: Tiba Njema Humsikiliza Mzazi

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji hufika kliniki wakiwa wamechoka. Baadhi wameambiwa na jamaa kwamba mtoto amerogwa, au kwamba mama hajui kulea. Wakikaripiwa tena na mtaalamu, hawarudi, na mtoto hukosa huduma.

Usonji hauletwi na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na uhusiano na watu. Tiba ya tabia humfundisha mtoto stadi ndogo ndogo, kama kuomba maji au kusubiri zamu, na kumtuza anapofaulu.

Tiba hii haikuwa ya upole tangu mwanzo. Katika utafiti wa Ivar Lovaas uliochapishwa Marekani mwaka 1987, watoto walifunzwa saa 40 kwa wiki, na wakati mwingine walifokewa au kupigwa kofi pajani. Kanuni za maadili za wataalamu wa fani hiyo zilizoanza kutumika huko Januari 2022 zinataja huruma, heshima na utu miongoni mwa misingi yake.

Huruma hapa si kusikitikia familia. Ni mtaalamu kuuliza kabla ya kupanga. Mtoto anayeziba masikio na kupiga mayowe karibu na kinu cha kusaga mahindi huenda si mtundu. Huenda kelele zinamuumiza. Afunzwe ishara ya kuomba kuondoka, badala ya kushikiliwa hapo mpaka azoee. Naye mama anayeuza mboga sokoni kutwa hawezi kupata saa 40. Mpango unaomfaa huingiza mazoezi wakati wa kuoga, kula na kucheza, na ndivyo yalivyo mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani.

Mzazi ana haki ya kuuliza lengo la kila zoezi, kuomba kuwepo, na kukataa. Kumchapa mtoto, kumfunga kamba au kumnyima chakula si tiba. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu.

Tathmini ya mahitaji ya kielimu hufanywa katika vituo vya EARC, na mzazi hahitaji kungoja mtoto aanze shule. Aandike mapema mambo yanayomfurahisha mtoto na yanayomsumbua, na aende na karatasi hiyo.