Kichujio cha Minimoog ndani ya kompyuta

Sinthesaiza ya Minimoog iliingia sokoni mwaka 1970 ikiwa na osileta tatu, zote zenye tabia ya kuyumba. Joto likibadilika, sauti inapanda au kushuka kidogo, na mpigaji hana budi kuirekebisha. Programu zinazoiga chombo hicho leo zinaiga hata kuyumba huko, tena matangazo yake hulisifia sana jambo hilo. Mimi naliona jepesi: ukichanganya humo namba chache za kubahatisha, umemaliza. Kazi ngumu iko kwenye kichujio.

Kichujio hicho, ambacho Robert Moog alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1969, ni jozi za transista zilizopangwa ngazi, kila daraja na kapasita yake. Sauti hupita madaraja manne na kila moja hukata masafa ya juu. Kisha sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa ilikoingilia. Ongeza kiasi kinachorudi, na besi inapungua, sauti inaanza kutokea puani. Ongeza tena, kichujio kinapiga mluzi chenyewe hata osileta zikiwa zimezimwa.

Kwenye waya, sauti hurudi papo hapo. Kompyuta huhesabu sampuli moja moja, aghalabu 44,100 kwa sekunde, na haiwezi kurudisha jibu ambalo bado haijalipata. Programu nyingi za mwanzo zilirudisha jibu la sampuli iliyotangulia. Sikio haliutambui ucheleweshaji huo, ila mluzi unahama mahali pake, na kadiri unavyopanda ndivyo kosa linavyokua.

Dawa yake ni kuliweka jibu lisilojulikana ndani ya mlinganyo na kulitafuta humo humo. Ingekuwa rahisi kama transista zingepitisha kila sauti kwa uwiano uleule. Lakini sauti kubwa huzielemea, zikaibana, na mbano huo ndio unaoipa Minimoog unene wake. Basi kompyuta inakisia, inapima, inakisia tena, kwa kila sampuli. Diva, programu ya kampuni ya u-he ya Berlin iliyotoka mwaka 2011, ilifuata njia hii, na wenye kompyuta za zamani wakaona prosesa zao zikihema. Ndiyo maana ina sehemu ya kuchagua usahihi wa hesabu: unatunga kwa usahihi wa chini, kisha unapandisha hadi mwisho unapotoa wimbo.