Kumsomesha Mshauri wa Familia: Wajibu na Faida kwa Vyama

Vyama vya ushirika vimezoea kuwasomesha watunza hesabu na wataalamu wa kilimo. Ni nadra chama kumsomesha mtaalamu wa ustawi wa jamii. Hata hivyo, kila katibu anayajua mambo yaletwayo mezani kwake siku ya malipo: mke aombaye fedha za mazao zisikabidhiwe kwa mumewe mlevi, mzee ambaye mwanawe amejifungia ndani na hasemi na mtu, yatima wanaogombewa pamoja na shamba lao. Mambo hayo hayamo katika vitabu vya chama, lakini ndiyo yavunjayo nyumba, na nyumba ikivunjika shamba hugeuka pori.

Yafaa kwanza kazi tatu zitofautishwe. Ofisa ustawi wa jamii hushughulikia haki na malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi majukumu ya kumlinda mtoto. Mshauri nasaha humsikiliza kijana au wanandoa na kuwasaidia kuitafuta njia wenyewe. Daktari wa magonjwa ya akili hupima ugonjwa na kutoa dawa. Wawili wa kwanza hawatoi dawa, bali hufundishwa kutambua ni lini mtu apelekwe hospitali. Kuwahi ni jambo kubwa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya matatizo ya akili huanza mtu akiwa na umri wa miaka 14 au chini ya hapo.

Nchini Tanzania, chuo cha siku nyingi cha fani hii ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 26 ya mwaka 1973. Hutoa mafunzo ya ngazi ya cheti, stashahada na shahada.

Ufadhili usichanganywe na mkopo. Fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni deni ambalo mhitimu hulirejesha. Ufadhili wa chama hulipwa kwa utumishi, kwa kadiri ya mkataba.

Chama kinachokusudia kutoa ufadhili kizingatie haya:

Kwanza, jambo hili lipitishwe na Mkutano Mkuu na kuandikwa katika muhtasari, kwani fedha ni za wanachama. Chama kidogo kisichoweza peke yake kishirikiane na jirani zake chini ya Chama Kikuu.

Pili, gharama zote zihesabiwe: karo, malazi, vitabu, na nauli na posho wakati wa mafunzo ya vitendo. Kijana aliyelipiwa karo tu hukwama njiani.

Tatu, nafasi itangazwe kwa wanachama wote, na mjumbe mwenye ndugu miongoni mwa waombaji asikae katika usaili. Mbali na alama za mtihani, utazamwe uvumilivu wa kusikiliza na uwezo wa kutunza siri.

Nne, mkataba utaje miaka ya utumishi, mahali pa kazi, na nani atakayemlipa mshahara. Chama kinachosomesha bila kujiuliza swali hilo la mwisho humsomeshea mjini.

Tano, viongozi wakubali tangu mwanzo kwamba kulipa karo hakuwapi haki ya kujua yasemwayo katika chumba cha mshauri. Siku mwanachama atakaposikia habari za nyumba yake zikizungumzwa katika kikao, hakuna atakayerudi tena kwa mshauri huyo, na fedha zote zitakuwa zimepotea.

Misingi ya ushirika iliyothibitishwa mwaka 1995 inataja elimu na kuijali jamii. Kumsomesha mshauri mmoja ni kuitekeleza yote miwili kwa pamoja. Makatibu wanahimizwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, wanachama walijadili na kuamua.