Talmudi kwa Kiingereza: ulipie nini, usilipie nini

Seti nzima ya Talmudi ya Babeli katika tafsiri ya Schottenstein, inayotolewa na ArtScroll ya Marekani, ina juzuu 73, na bei yake inapita dola 2,000 kabla hujalipia usafiri. Tafsiri nyingine kamili ya Talmudi hiyohiyo, iliyofanywa na wanazuoni wa kuaminika, inasomeka kwenye simu bila kutoa hata senti. Mchungaji, mwanafunzi wa theolojia au msomaji yeyote anayetaka kuiona Talmudi kwa macho yake, badala ya kuisikia ikitajwa mimbarini tu, ana haki ya kujua kinachotenganisha ncha hizo mbili.

Kwanza ajue anachonunua. Mishna, mkusanyo wa sheria unaohusishwa na Rabi Yehuda haNasi, ilikamilika mnamo mwaka 200 hivi, kwa Kiebrania kifupi na safi. Talmudi ni mijadala ya vizazi vya wanazuoni wa Babeli juu ya Mishna hiyo, sehemu kubwa ikiwa kwa Kiaramu, bila irabu wala vituo. Swali, jibu na pingamizi huweza kubanana katika mstari mmoja, na hakuna alama inayokuonyesha nani anasema. Aliyesoma chuoni huku Pwani atautambua mpangilio wa ukurasa wake: matini katikati, hashia pembeni, upande mmoja maelezo ya mfafanuzi Rashi, upande wa pili ya wale waliomfuata, yaitwayo Tosafot. Kwa hiyo kuyafasiri maneno peke yake ni nusu ya kazi, pengine robo. Katika vitabu hivi, fedha nyingi unalipia maelezo.

Tafsiri kongwe kati ya zinazotumika ni ya Soncino, iliyotolewa London kati ya 1935 na 1952 chini ya uhariri wa Rabi Isidore Epstein. Kiingereza chake ni rasmi, tanbihi zake ni fupi, na nakala zake kuukuu hupatikana kwa bei nafuu. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini mimi simshauri mtu asiye na mwalimu ainunue.

ArtScroll walianza kutoa juzuu zao mwaka 1990 wakamaliza 2005. Upande mmoja wanaweka ukurasa wa Kiebrania na Kiaramu kama ulivyochapwa Vilna katika karne ya 19, na upande wa pili Kiingereza. Maelezo ni marefu kiasi kwamba ukurasa uleule wa Vilna hulazimika kurudiwa mara kadhaa mpaka Kiingereza chake kiishe. Ndiyo sababu juzuu zimefika 73. Koren ya Jerusalem ilianza toleo lake la Kiingereza mwaka 2012, likijengwa juu ya kazi ya Rabi Adin Steinsaltz, ambaye alianza kuifafanua Talmudi kwa Kiebrania cha leo mwaka 1965 na kumaliza 2010. Lina juzuu 42. Humo maneno ya Talmudi yenyewe yamechapwa kwa herufi nzito na maneno ya kuunganishia kwa herufi za kawaida, na pembeni kuna picha za mimea, vyombo na sarafu, pamoja na habari fupi za wanazuoni wanaotajwa.

Juzuu moja yenye jalada gumu, ya kampuni yoyote kati ya hizo mbili, kwa kawaida huwa kati ya dola 45 na 80. Lakini kulinganisha juzuu kwa juzuu kunapotosha. Berakhot, kitabu cha kwanza kinachohusu sala na baraka, ni juzuu moja kwa Koren na mbili kwa ArtScroll. Bava Metzia, kinachohusu mali na mikataba, ni mbili kwa Koren na tatu kwa ArtScroll. Linganisha kitabu kwa kitabu, kisha ongeza usafiri, kwa maana juzuu hizi ni nzito na gharama ya kuzileta Afrika Mashariki inaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe.

Njia nzuri ya kuona unacholipia ni kufungua ukurasa mmoja katika matoleo yote. Mimi huchagua Bava Metzia, karatasi ya 21, upande wa pili. Sura hiyo inahusu vitu vilivyookotwa: fedha zilizotawanyika njiani ni za aliyeziokota, lakini fedha zilizo ndani ya mfuko lazima zitangazwe, maana mwenyewe anaweza kuutambua mfuko wake. Hapo wanazuoni wawili wa Babeli, Abaye na Rava, wanabishana. Mtu ameangusha kitu kisicho na alama, na bado hajajua kwamba kimepotea. Angejua, angekata tamaa nacho. Je, tuhesabu kwamba amekwisha kukata tamaa, aliyekiokota akichukue? Rava anasema ndiyo, Abaye anakataa, na kwa kurasa kadhaa kila mmoja anapimwa kwa ushahidi: matunda yaliyodondoka, mali iliyochukuliwa na mafuriko, mwizi, mnyang'anyi. Ni hoja ya kusisimua sana kuhusu haki ya mtu asiyekuwapo, na mwishoni sheria inamfuata Abaye.

Soncino itakupa maneno ya wote wawili, nawe utapotea kwenye ushahidi wa tatu au wa nne. Koren itakuonyesha nani anauliza na nani anajibu, na utafika mwisho bila kukwama. ArtScroll itakueleza pia kwa nini swali limeulizwa hapo, Rashi amelielewaje, na wafafanuzi wa baadaye wamelipinga wapi. Anayetaka kufundisha atanufaika zaidi na ArtScroll. Msomaji wa kwanza, Koren inamtosha. Ajue pia kwamba ArtScroll huandika kwa msimamo wa Kiorthodoksi na kufuata wafafanuzi wa jadi. Katika vitabu vyao vya Biblia, Wimbo Ulio Bora haufasiriwi kama mashairi ya wapenzi bali kama mafumbo juu ya Mungu na Israeli. Wanalisema jambo hilo wazi, nami nawaheshimu kwa hilo, ila anayetafuta maana ya wazi ya maneno hataipata hapo.

Na sasa lile la bure. Sefaria, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Joshua Foer na Brett Lockspeiser, ilianza kuiweka wazi tafsiri ya Koren na Steinsaltz mwaka 2017 kwa ufadhili wa wakfu wa William Davidson. Picha na tanbihi za pembeni hazimo, lakini herufi nzito na nyepesi zimo, na ukigusa mstari, hashia zake hufunguka. Programu yake ya simu inakuruhusu kupakua vitabu na kuvisoma bila bando. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa ilimradi utaje chanzo na usiuze, kwa hiyo mwalimu wa chuo cha Biblia anaweza kuwachapia wanafunzi wake sura nzima.

Wanaofuata Daf Yomi, utaratibu uliopendekezwa na Rabi Meir Shapiro mwaka 1923 wa kusoma karatasi moja kila siku, humaliza karatasi 2,711 kwa miaka saba na nusu hivi. Wakinunua kadiri wanavyosoma, Koren ni juzuu moja kila miezi miwili, na ArtScroll karibu moja kila mwezi. Asiyefuata utaratibu huo asinunue seti.

Kwa Biblia ya Kiebrania yenyewe, fedha inayotumika vizuri kuliko zote ni takriban dola 50 za The Jewish Study Bible ya Oxford, toleo la 2014: tafsiri ya shirika la uchapishaji la Kiyahudi la JPS, maelezo kila ukurasa, na makala za wanazuoni mwishoni. Tafsiri ya Robert Alter ya mwaka 2018, juzuu tatu kwa dola 125 ilipotoka, ina Kiingereza cha kupendeza kuliko zote, lakini ni ununuzi wa pili. Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi, katika tafsiri ya Pritzker yenye juzuu 12, waachie maktaba.

Mwenye dola 100 au zaidi kidogo, pamoja na gharama ya usafiri, basi, anunue The Jewish Study Bible na Berakhot ya Koren, Mishna aisome kwenye Sefaria. Na atafute mwenzake, maana Talmudi kwa desturi husomwa na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akipinga, na gharama watagawana. Wasome kwanza sura ile ya vitu vilivyookotwa, bure, kwenye simu. Wakiimaliza bado wanabishana, wanunue Bava Metzia.