Koboko wa kijani: Pogoa mwembe kabla ya kuangua

MSIMU wa embe unapofika katika mashamba ya mwambao, kutoka Kilifi na Kwale hadi Tanga, ndipo mwanguaji anapopanda kwenye makazi ya koboko wa kijani.

Nyoka huyu, ambaye wanasayansi humwita Dendroaspis angusticeps, hukaa mitini karibu maisha yake yote. Mkubwa hufikia mita 2 hivi. Asili yake ni misitu ya pwani, lakini mwembe wenye majani mazito kwake ni msitu tosha, kwani ndani yake hupata ndege, mayai, popo na panya. Wala hatembei sana. Katika utafiti wa Gede, Kenya, uliochapishwa mwaka 1994, nyoka waliofuatiliwa walisogea wastani wa mita 5.4 tu kwa siku. Kwa hiyo, aliyeonekana jana mtini huenda leo bado yupo.

Si mkorofi. Akishtuka hukimbilia matawi ya juu au mti wa jirani. Hatari ni mkono unaoshika tawi bila macho kutangulia, kwa kuwa sumu yake hushambulia neva na yaweza kuzuia pumzi. Aliyeumwa asichanjwe wala asipotezewe muda kwa mganga. Atulizwe, akimbizwe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka.

Aidha, si kila nyoka wa kijani ni koboko. Ukukwi, mwembamba na mfupi zaidi, hula vyura na mijusi, hana madhara kwa mtu, naye huuawa bure kila siku.

Wapo wanaokata mwembe mzima kwa hofu. Hiyo ni hasara tupu, maana mwingine utachukua miaka kuzaa. Kupogoa ni nafuu: matawi ya miti jirani yasipogusana, koboko hukosa daraja, mwanguaji huona anaposhika, na mwanga ukipenya maradhi ya ukungu nayo hupungua.

Limebaki suala la fedha. Mnunuzi anayenunua embe zikiwa mtini huja na vijana wake, na mara nyingi haisemwi nani atalipa gari na matibabu wakiumwa. Hilo lipatanwe siku ileile ya kupatana bei, kabla kijana wa kwanza hajapanda.