Kamba ya Kisima Ikirefuka

Mwenye kuteka maji kwa ndoo na kamba hahitaji mwalimu wa kumfahamisha kuwa maji yameshuka, kwani mkono wake ndio wa kwanza kupata habari: kamba iliyomtosha mwaka jana leo yaning'inia, ndoo yagonga ukuta wa kisima isiguse maji, hata hana budi kuunga kipande kingine cha pima moja. Mwenye pampu hana kamba ya kumwonya. Awashapo mtambo maji huja, naye huyadhani kuwa ni tele.

Maji ya chini ya ardhi si mto uendao mbio gizani, kama wengi wadhanivyo, bali ni maji yaliyojificha baina ya punje za mchanga na katika nyufa za miamba, yakienda taratibu mno mpaka yapate pa kutokea, iwe chemchemi, bonde la mto au ufuko wa bahari. Kabla ya kisima kuchimbwa, kiingiacho kwa mvua na kitokacho kwa njia hizo, ukikadiria miaka mingi, hulingana katika mizani. Pampu ianzapo kuvuta, maji ya karibu hushuka kwanza, na usawa wake hufanya umbo la faneli ambayo ncha yake imo kisimani na mdomo wake wazidi kupanuka mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1940 mtaalamu wa Marekani, Charles Theis, alibainisha kuwa maji yote yavutwayo lazima yapungue mahali fulani: hapo awali hutoka katika akiba, na faneli ikishafika mbali hutoka katika yale ambayo yangaliifikia chemchemi, mto au mizizi ya miti. Kwa hiyo hukosea asemaye kwamba akivuta kadiri ile ile iingiayo kwa mvua hamdhulumu yeyote, maana mvua hiyo ilikuwa na wenyewe tangu zamani. Na kwa kuwa dhara hilo huenda likachukua miaka makumi kudhihiri, mvutaji aweza kufa akijiona mtu wa kiasi, na ukavu ukawakuta wajukuu.

Mfano ulio bayana uko Makutupora, kaskazini ya Dodoma, ambako visima huunywesha mji uliochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya Tanzania, na ambako kina cha maji kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Daftari hizo zaonyesha kuwa maji hushuka mfululizo kwa miaka kadhaa, japo mvua za kawaida hunyesha, kisha hupanda ghafla katika msimu adimu wa mvua kubwa, ambapo vijito vilivyo mchanga mtupu siku nyingi za mwaka hufurika na kuyazamisha maji yake ardhini. Na msimu uliozidi yote ni ule wa El Niño wa 1997 na 1998. Basi kibaba cha Makutupora hakijazwi kwa haba na haba; hujazwa kwa gharika ya mara moja katika miaka mingi, ilhali hupunguzwa bandu bandu kila uchao.

Pwani na visiwani hatari ni nyingine, kwa kuwa maji matamu, yaliyo mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya chini ya nchi kavu. Kanuni yasema kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Basi atakayeshusha mita hiyo moja kwa pampu huiita chumvi ipande, na chumvi ikishaingia haitoki upesi.

Matumizi ya kudumu, kwa hiyo, hayahesabiwi kwa mvua ya mwaka mmoja, bali kwa kupatana mapema ni kiasi gani cha chemchemi na cha akiba tuko radhi kukipoteza, na kwa kuwa na mtu ambaye kila mwezi hushusha kisimani utepe uliopakwa chaki, akasoma palipolowana, akaandika. Lau wapimaji wa Makutupora wangalichoka baada ya miaka mitano, wangaliiona nusu tu ya habari, ile ya kushuka. Utepe huo ndio kamba ya mwenye pampu.